Jahazi Likitia Nanga Wakati wa Kusi



Watu wengi wa Isiolo hawajapata kuiona bahari, walakini upepo wanaujua sana. Ule utimuao vumbi mjini katika miezi ya Julai na Agosti hutoka upande wa kusini mashariki, yaani upande wa bahari. Huko pwani huitwa kusi, na mabaharia huuheshimu kama mfugaji auheshimuvyo ukame.

Tena, tangu mwaka 2012 ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET, wa njia kuu kutoka pwani kwenda Sudani Kusini na Ethiopia, majina ya Lamu na Isiolo hutajwa pamoja. Kwa hiyo yafaa watu wa bara wajue kidogo maisha ya mabaharia wa Lamu, hasa siku zile ambazo chombo hakiendi popote.

Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba hivi, na ukali wake ni Juni na Julai. Jahazi litokalo Lamu kwenda Mombasa hukutana nao usoni. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo utokako. Hupasa kwenda mshazari, mara huku mara huku, na kikiwa kimejaa boriti au mizigo mingine mizito, siku nzima yaweza kupita pasipo faida. Basi nahodha mwenye akili hutia nanga mahali penye kinga, kama katika mkondo ulio kati ya Lamu na kisiwa cha Manda, akangoja.

Mtu aliye ufukoni hudhani ya kuwa mabaharia hao wamestarehe. Sivyo. Kazi ya kwanza ni kuiangalia nanga. Nanga haishiki kwa uzito wake tu, bali kwa kulala chini na kuchimba mchanga. Amari, yaani kamba ya nanga, ikiwa fupi, huivuta nanga juu na kuing'oa. Ikiwa ndefu, huilaza. Na bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua maji hupanda kama mita 3, na kamba iliyotosha saa ya maji kupwa haitoshi yakijaa. Kwa hiyo hapana budi kuilegeza kwa kipimo, na kuifunga matambara mahali isuguapo ubao, isije ikakatika. Maji yakikimbia upande huu na upepo ukivuma upande ule, chombo huyumba ubavu kwa ubavu, na watu hupata taabu hata kusimama.

Kazi ya pili ni kufua maji. Chombo cha mbao huvuja kidogo kila siku, na kikitikiswa huvuja zaidi. Asubuhi na jioni vijana huteremka ngamani na ndoo. Wengine hushona tanga lililochanika, au husokota kamba.

Chakula hupikwa juu ya jiko lililowekwa katika sanduku la mchanga, ili cheche zisiunguze ubao. Upepo ukizidi, mmoja hushika sufuria na mwingine huzuia upepo kwa kipande cha tanga. Na ukizidi kabisa, moto huzimwa, watu wakala tende na mkate wa jana. Maji ya kunywa hukaa katika pipa, nayo hupimwa kwa kikombe. Kipimo cha nahodha na cha mpishi ni kimoja. Nahodha akijipendelea kwa maji, siku ya hatari hatasikilizwa upesi.

Na siku ya hatari huja usiku. Jua likichwa, nahodha huchagua alama mbili za nchi kavu, kama mnazi na taa ya msikitini, zilizo katika mstari mmoja. Mwenye zamu huzitazama usiku kucha, na mara kwa mara huweka mkono juu ya amari. Ikiwa kamba imetulia, nanga imeshika. Ikitetemeka kama kitu kikokotwacho juu ya mawe, na zile alama zikiachana, nanga inatambaa, na nyuma kuna mwamba. Hapo haulizwi nani mkubwa. Kijana wa miaka 15 huwaamsha wote kwa kelele; nanga ya pili hutupwa, amari huongezwa, na hapana alalaye tena hata kupambazuke. Kijana yule akisinzia nusu saa tu, shehena na roho za watu zaweza kupotea.

Siku hizi majahazi mengi yamefungwa mashine, lakini mashine haikuondoa haja ya nanga wala ya mlinzi.

Mfugaji wa Isiolo akisikia hayo hatayaona mageni. Naye hupima maji safarini, naye hungoja mvua asiyoweza kuiharakisha, naye huweka mlinzi wa boma kwa ajili ya fisi. Wote wawili wajua ya kwamba kungoja si kukaa bure. Watu wa pwani husema, «Kawia ufike.» Lakini afikaye ni yule aliyekawia huku macho yake yakiwa wazi na mkono wake u juu ya kamba.