Bima ya Motakaa na Vijana Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tulipopokea barua ya Mwandishi wa Chama ya kutuomba tuseme machache juu ya bima ya motakaa, tulicheka kwanza, maana sisi si watu wa bima. Sisi ni makarani wa kupokea barua na kupanga majalada kama ninyi. Walakini Mwandishi alijua alichokitaka. Alijua ya kuwa katika tawi hili hapana mtu aliyenunua elimu ya bima kwa bei kubwa kuliko sisi. Tena alijua ya kuwa wengi wenu mna watoto na wadogo waliokwisha kupata leseni, nao sasa washika usukani wa magari tuliyoyapata kwa mikopo ya ushirika, ambayo hukatwa mshaharani kila mwezi mvua inyeshe jua liwake.

Habari ya kulazimishwa bima tumeipokea kutoka Uingereza. Huko sheria ya barabara ya mwaka 1930 ilimkataza mtu kuendesha motakaa asipokuwa na bima ya kuwalipa watu wengine atakaowaumiza. Na hapa Kenya sheria ya namna hiyo, ndiyo Sura ya 405, ilitungwa mwaka 1945. Basi tumerithi sheria, lakini namna ya kumtoza kijana hatukuirithi sawasawa, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea.

Uingereza kijana hutozwa mlangoni. Kampuni yatazama umri wake, mahali akaapo, aina ya gari lake na miaka ya leseni yake, kisha yamtajia ada ambayo yaweza kukaribia, hata kupita, bei ya gari kuukuu analolinunua. Zamani wasichana walitozwa pungufu kwa kuwa ajali zao zilikuwa chache. Lakini mahakama ya Ulaya ilikata shauri mwaka 2011 ya kwamba si haki kupima ada kwa kuangalia mume au mke, na tangu tarehe 21 Desemba 2012 tofauti hiyo iliondolewa. Vijana wengi wa huko hukubali kutiwa kisanduku ndani ya gari, kinachoandika mwendo wao, namna wanavyokanyaga breki na saa za usiku wanazotembea, ili waendeshao kwa adabu wapate kupunguziwa. Wengine hutafuta njia ya mkato: gari ni la kijana, lakini bima huandikwa kwa jina la baba, kana kwamba baba ndiye mwendeshaji mkubwa. Hilo huko ni udanganyifu, na bima yaweza kubatilishwa. Tena dereva mpya apatapo alama 6 za makosa katika miaka miwili ya kwanza hupokonywa leseni, na kosa la kuendesha bila bima peke yake lina alama 6.

Si kwamba kampuni zawachukia vijana. Shirika la Afya la Dunia lasema ya kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Mtu anayeuza ahadi ya kulipa hasara hawezi kufumba macho asione hayo.

Sasa tuje kwetu. Hapa bima kubwa, yaani ile inayolipa gari lako na la mwenzako pia, aghalabu hupimwa kwa thamani ya gari, si kwa umri wa mwendeshaji. Gari la shilingi 800,000, tuseme kwa asilimia 5, ada yake ni shilingi 40,000 kwa mwaka, awe anayeliendesha ni mzee wa miaka 55 au kijana wa 20. Mtu akiona hivyo hufurahi, akadhani ya kuwa kijana wa Kenya amesalimika. Hakusalimika. Yeye hutozwa mlango wa nyuma. Katika hati nyingi, ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo, pana sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Na chini yake pana mstari mwingine usemao kwamba ikiwa mwendeshaji ni kijana chini ya umri fulani, au leseni yake ni changa, sehemu hiyo huongezwa. Mstari huo wengi hatuusomi mpaka siku ya taabu.

Na sisi hatukuusoma. Twasema haya kwa aibu kidogo, lakini ndiyo tuliyoitiwa.

Nyumbani kwetu pana mdogo wetu, wakati huo alikuwa na miaka 21 na leseni ya miezi saba. Kila Jumamosi alikuwa akichukua gari kwenda sokoni na kumrudisha mama kutoka kliniki. Tulipokuwa tukijaza fomu ya bima tulifika penye swali la nani mwingine atakayeliendesha gari hili, na umri wake ni nini. Wakala aliyekaa nasi akatuambia, "Andika mwenyewe tu, bwana mkubwa, mambo yawe mepesi." Tukaandika: Hakuna mwingine. Sisi ambao kazi yetu ni kuwarudishia wananchi fomu zao wasipozijaza kwa ukweli!

Mwezi wa tano Jumamosi moja, barabara ikiwa na utelezi, kijana akaligonga lori kwa nyuma. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Gari letu likavunjika uso mzima, na fundi akaandika shilingi 310,000. Kampuni ilimtuma mkaguzi wake, mtu mpole sana, akaomba leseni ya kijana, akaipiga picha, akaondoka. Baada ya wiki tatu ikaja barua fupi: swali la waendeshaji lilijibiwa isivyo kweli, kwa hiyo kampuni hailipi. Tuliandika barua nne za kujitetea, kwa Kiingereza kizuri, na kila mara tukajibiwa kwa adabu ile ile. Mkopo wa gari uliendelea kukatwa mshaharani miezi kumi na tisa, na gari lenyewe limesimama chini ya mwembe kuku wakitaga ndani yake.

Lakini jambo lililotuumiza kuliko hasara tulilipata baadaye. Tulimwendea karani mmoja wa kampuni ile, tukamwuliza: je, kama tungalimwandika kijana, ada ingalipanda kiasi gani? Akatazama majedwali yake, akasema, "Ada ingekuwa ile ile." Kilichokuwa kikiongezeka ni ile sehemu ya kujilipia tu: shilingi 20,000 za kawaida, na 10,000 kwa ajili ya ujana wake. Yaani kwa kusema kweli tungalilipa shilingi 30,000, na kampuni ingalilipa 280,000. Mabwana, tulidanganya bure. Wakala alipata kamisheni yake, wala hakufika tena nyumbani.

Ingalikuwa mbaya zaidi kama pangalikuwa na majeruhi. Sheria ile ya Sura ya 405 huitaka kampuni imlipe mtu aliyeumizwa, lakini huipa nafasi pia ya kwenda mahakamani kuomba itangazwe kuwa yaweza kuikana bima iliyopatikana kwa kuficha jambo kubwa. Ikifaulu, deni lamrudia mwenye gari. Tena hata bima iliyo halali ina mpaka: tangu marekebisho ya mwaka 2006, sheria hailazimishi bima ya zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja, na kinachozidi hapo chaweza kukufikia wewe.

Mtauliza sasa gharama hupunguzwaje, maana ndiyo hamu ya mkutano huu. La kwanza ni hilo la mstari wa vijana. Kabla ya kutia sahihi, ombeni hati yenyewe, si karatasi ya matangazo, mkauangalie mstari huo katika kampuni tatu au nne. Zinatofautiana sana: nyingine huhesabu ujana mpaka miaka 21, nyingine mpaka 25, nyingine hutazama miaka ya leseni. Pengine kampuni yenye ada ndogo ndiyo yenye mstari mkali, na ile iliyoonekana ghali yawa rahisi mwisho wa safari. Ziko pia zinazouza nyongeza ndogo ya kuiondoa sehemu ya kawaida ya kujilipia. Ulizeni kama nyongeza hiyo yamfikia na kijana, maana mara nyingine haimfikii.

La pili ni gari lenyewe. Kwa kuwa ada hufuata thamani, kijana anayeanza kazi akinunua gari dogo la bei nafuu amekwisha kupunguza bima yake kabla hajamwona wakala. Na gari likiwa kuukuu kabisa, hapana haya kukata ile bima ndogo ya watu wengine tu, ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bima kubwa, mradi awe tayari kubeba hasara ya gari lake mwenyewe. Lakini asijaribu kuandika thamani ya uongo. Gari la 800,000 likiandikwa 400,000, ada hupungua nusu kweli. Siku ya ajali ya hasara ya 200,000 kampuni yaweza kuhesabu kwamba nusu ya gari haikukatiwa bima, ikakupa 100,000, kisha ikatoa humo ile sehemu yako ya kujilipia.

Juu ya madai madogo tuna maoni yetu, na wengine hawatakubaliana nasi. Bampa likikwaruzwa na fundi akasema 28,000, na sehemu yako na ya kijana ni 30,000, hakuna utakachopata, ila jina lako litabaki katika daftari la wanaodai, na punguzo la mwaka usio na dai, kama kampuni yako hulitoa, utalipoteza. Toa taarifa kama hati inavyoamuru, lakini gharama jilipie.

Kuhusu kukata bima ya mwezi mmoja mmoja, twaelewa kwa nini vijana huifanya. Mshahara ni wa mwezi. Lakini jumla yake kwa mwaka aghalabu huzidi, na siku moja ya kusahau yatosha.

Liko jambo moja ambalo wazazi hawalijui. Vijana wengine hulichukua gari jioni, wakabeba abiria wa kulipa ili wapate mafuta. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Ila bima ya gari la nyumbani hailindi gari la kubeba abiria kwa malipo, hata kama safari ilikuwa moja tu, hata kama nauli ilikuwa shilingi 150. Muulizeni kijana wako usiku huu, kwa upole, kabla hujaijaza fomu.

Sisi tumekwisha kuijaza yetu upya mwaka huu. Penye swali lile tumeandika jina la mdogo wetu, umri wake na tarehe ya leseni yake. Ada haikupanda hata senti. Hati tatu za kampuni mbalimbali, zenye mstari wa vijana uliopigwa alama kwa kalamu nyekundu, tumeziweka mezani kwa Mwandishi. Atakaye kuzisoma na azisome hapa hapa, maana moja ni ya kuazima, na mwenyewe anaitaka Jumatatu.