Kuaminiwa Kabla ya Kujiamini



Mwaka jana nilialikwa kuketi safu ya mbele katika ukumbi wa chuo kimoja, nisikilize hotuba ya bwana mmoja ambaye kazi yake ni kuwatia hamasa vijana wanaosomea ujasiriamali. Na kwa muda wa saa mbili bwana yule, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa na kukishika kipaza sauti kama mwimbaji wa taarabu, aliwataka wanafunzi wasimame, wafumbe macho, wajigonge kifua na kunadi kwamba wao ni matajiri watarajiwa. Wakanadi. Wakati wa kutoka nilimwuliza kijana aliyekuwa amepaza sauti kuliko wote anafanya biashara gani, naye akanijibu kwa adabu, "Bado sijaanza, Mwalimu. Kwa sasa najijengea kujiamini."

Jibu lile ndilo lililouzaa mhadhara huu.  Ninalotaka kulibomoa ni ile dhana kwamba uthabiti na kujiamini ni akiba iwekwayo moyoni kwanza, kisha ikatumiwa sokoni.

Wahamasishaji sitawashughulikia sana, maana hoja yao haina mifupa ya kuvunjwa. Lakini dhana hiyo ina watetezi wenye elimu. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Angela Duckworth na wenzake wa Marekani walitoa kipimo cha uthabiti chenye kauli 12, ambazo mtu husoma na kueleza ni kwa kadiri gani zinamhusu: nusu zinapima juhudi yake isiyokatika, na nusu zinapima kama mapenzi yake kwa jambo moja hudumu bila kugeukageuka. Kwa mwanafunzi wa kijeshi, ambaye njia yake imekwisha chorwa na wakubwa, kipimo hicho huenda kikafaa. Lakini mfanyabiashara? Mtu aliyeng'ang'ania bidhaa isiyotakiwa atapata alama nyingi katika nusu ile ya pili, na Waswahili tuna jina letu la sifa yake, nalo ni ukaidi. Kisha mwaka 2017 mtafiti Marcus Credé na wenzake walikusanya tafiti zilizohusu watu zaidi ya 66,000, wakaona kwamba uthabiti uliopimwa hivyo hautengani sana na ile tabia ya kale ya bidii na uangalifu, na kwamba uhusiano wake na ufanisi ni hafifu kuliko ilivyotangazwa. Ikiwa hivyo ndivyo, tunawachagua na kuwakataa vijana wa kusomea ujasiriamali kwa mizani gani?

Na mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye jina lake hutajwa na kila mhamasishaji aliyepata kufungua kitabu, alisema nini? Mwaka 1977 alitaja chemchemi nne za imani ya mtu juu ya uwezo wake: aliyoyatenda mwenyewe, aliyoona wenziwe wakiyatenda, maneno ya kumshawishi, na hali ya mwili wake. Hakuziweka sawa. Ile itokayo katika vitendo aliipa nguvu zaidi, na ile itokayo katika maneno akaiona dhaifu. Ilhali sisi tumejenga kumbi za maneno.

Naomba sasa nikae kidogo Lomé, mji mkuu wa Togo, kwa kuwa huko ndiko kulikofanyika jaribio nilipendalo kuliko yote. Watafiti, miongoni mwao Michael Frese na David McKenzie, waliwachukua wenye biashara ndogondogo 1,500, wakawagawa kwa kura mafungu matatu ya watu 500. Fungu la kwanza halikufunzwa. La pili likapewa elimu ile tuitoayo sote, ya hesabu, masoko na usimamizi. La tatu likapewa mafunzo yaliyotungwa kwa misingi ya saikolojia: kuanza jambo bila kungoja kuamrishwa, kutazama mbele, na kushindana na vizuizi. Watu wa mafungu haya mawili walikaa darasani saa 36 tu. Kisha, kwa muda wa miezi minne, mwalimu aliwafuata kwenye biashara zao mara moja kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika muda wa miaka miwili na zaidi, faida ya fungu la tatu iliwazidi wasiofunzwa kwa asilimia 30, na ya fungu la pili kwa asilimia 11, kiasi ambacho kwa mizani ya takwimu hakiwezi kutengwa na bahati. Wengine huishangaa hiyo 30. Mimi hushangaa zile ziara: mwalimu kuondoka ubaoni, akasimama penye bidhaa.

Insafu yanitaka nikiri kwamba watu wa Lomé walikuwa tayari wafanyabiashara, si wanafunzi. Lakini Makerere, Uganda, wanafunzi wamepata kufunzwa kwa wiki 12 huku wakipewa mtaji mdogo waanzishe biashara ya kweli. Na mtafiti Michael Gielnik na wenzake, walipowafuatilia wajasiriamali juma kwa juma, waliona kwamba juhudi ya juma hili ndiyo iliyowasha mapenzi ya juma lijalo.

Nami nina langu, ambalo tafiti hizo hazikulithibitisha wala sijaliacha: kwamba mwanafunzi apewe mali kauli, bidhaa itolewayo kwa neno lake tu, bila rehani.

Nilikuwa mwanafunzi Tanga, na mzee mmoja mwenye duka la nguo alinipa kwa mali kauli korja moja ya kanga, doti 20. Nilizichagua kwa rangi. Huko Ngamiani mama mmoja aliikunjua doti moja mapajani, akalipapasa pindo, akasoma jina, ule msemo wa kanga, kisha akaikunja taratibu kwa mikunjo ileile ya dukani, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "nikiivaa hii mke mwenzangu atadhani nimemtangazia vita." Jina lilikuwa kijembe, nami sikuwa nimelisoma. Nusu ya mzigo ilikuwa hivyo.

Baada ya majuma matatu nilirudi na fedha za doti 13, na saba zilizonishinda nimezibeba begani, nikiwa nimekariri udhuru njia nzima. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Mzee akazihesabu noti mara mbili, hakutazama kanga. "Umekuja mwenyewe," akasema. "Hizo saba utalipa mwezi ujao. Chukua na hizi kumi, ila safari hii soma."

Sita katika zile saba niliziuza, kwa kutafuta nyumba zisizo na uke wenza. Ya saba niliilipia mwenyewe, na ingali sandukuni kwangu. Mke wangu ameisoma, na hata leo amekataa kuivaa.