Toronto: Chuo kikuu kilicho mwisho wa safari ya basi

Mfikirie, msikilizaji, kijana wa miaka kumi na tisa anayeishi na wazazi wake katika ghorofa moja ya barabara ya Dixon, mtaa wa Kingsview Village, kaskazini-magharibi ya jiji la Toronto nchini Kanada. Ni saa kumi na mbili za asubuhi, mwezi wa Januari. Nje bado kiza, na theluji imeganda kando ya njia. Mhadhara wake wa kwanza utaanza saa mbili na nusu. Amekwisha kumwamsha mdogo wake na kumwekea bibi yake dawa mezani. Sasa anavaa koti zito, anatia kadi ya nauli mfukoni na kushuka kwenda kituo cha basi.

Kijana huyo ni mfano tu, lakini walio mfano wake ni wengi. Wao ndio sura ya maisha ya chuo kikuu katika jiji hilo.

Kingsview Village si mbali na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Pearson. Majengo marefu ya Dixon yalijulikana tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Wasomali walioikimbia vita ya nchi yao walipopata makao humo. Wengi hawakuja moja kwa moja. Walipitia Mombasa, Eastleigh ya Nairobi au kambi za wakimbizi za Kenya, na Kiswahili walichokiokota njiani kingali kinasikika katika maduka ya mtaa huo.

Wazazi hao wana picha yao ya chuo kikuu. Aliyepata kuiona Makerere anakumbuka mabweni ya Lumumba na Mary Stuart. Aliyeishi Dar es Salaam anakumbuka Mlimani, mahali ambapo mwanafunzi aliingia na sanduku lake, akapewa kitanda, na hakuonekana tena nyumbani hadi likizo. Msomali wa makamo atakutajia Lafoole, chuo cha ualimu kilichokuwa nje ya Mogadishu, katika njia ya kwenda Afgoye. Kwa wote hao, kwenda chuo kikuu kulimaanisha kuhama. Masomo yalikuwa darasani, lakini ukubwa wa mtu uliiva bwenini, katika mabishano ya usiku na urafiki uliodumu hadi uzeeni.

Kanada nayo ina miji ya namna hiyo. Kingston, ambako Chuo Kikuu cha Queen's kilianzishwa mwaka 1841, ni mmojawapo. Waterloo na Guelph ni mingine. Vijana hufika huko mwezi wa Septemba kutoka kila upande, wakakodi vyumba karibu na madarasa, na mji mzima ukafuata kalenda ya masomo.

Toronto ina desturi nyingine. Chuo Kikuu cha York, kilichoanzishwa mwaka 1959, kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Ni chuo cha umma, na ni miongoni mwa vilivyo vikubwa kabisa nchini humo. Walio wengi miongoni mwa wanafunzi hao hawalali chuoni. Huja asubuhi na kurudi jioni, kama wafanyakazi wa kiwanda.

Kutoka Dixon hadi York ni kilomita kumi hivi kwa mstari ulionyooka. Lakini basi halipiti katika mstari ulionyooka. Msafiri hupanda basi nambari 45 kuelekea kaskazini kwa barabara ya Kipling hadi Finch, kisha huelekea mashariki. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ya pili ilikuwa ni kusimama katika basi la Finch lililojaa hadi mlangoni. Treni ya chini ya ardhi ilifika York tarehe 17 Desemba 2017, na tarehe 7 Desemba 2025 ikafunguliwa reli nyepesi ya Finch Magharibi, yenye urefu wa kilomita 10 na vituo 18. Ni nafuu kubwa, lakini kubadilisha gari mara mbili kungaliko, na baridi ya kituoni ni ile ile. Tangu Agosti 2018 nauli moja hutumika kwa muda wa saa mbili; mwanafunzi huomba tu safari yake isizidi hapo.

Saa moja na ushei kwenda, saa moja na ushei kurudi. Ukizidisha kwa siku nne za wiki na kwa miezi minane ya mwaka wa masomo, utapata mamia ya saa. Saa hizo haziandikwi katika cheti chochote, wala hakuna mhadhiri anayezihesabu anapopanga mtihani.

Hasara yake haiko katika masomo peke yake. Mwaka 2015 vyuo vikuu vinne vya umma vya Toronto, yaani Chuo Kikuu cha Toronto, York, OCAD na Ryerson, ambacho tangu 2022 kinaitwa Toronto Metropolitan, viliungana kuwauliza wanafunzi juu ya safari zao. Lililojitokeza ni kwamba anayesafiri muda mrefu hushiriki kwa uchache katika mambo ya chuo. Huchagua somo kwa kuangalia saa lilipopangwa kabla ya kuangalia linafundisha nini. Mjadala wa jioni ukianza, yeye anaangalia saa. Mhadhiri anapobaki darasani kuzungumza na wachache, yeye ameshafika kituoni.

Na mara nyingi ni katika mazungumzo hayo ya baada ya darasa ambapo mtu husikia habari ya kazi ya utafiti au nafasi ya kujifunza ofisini, au hukutana na mwalimu atakayemwandikia barua ya kumpendekeza. Wawili wanaweza kupata alama zilezile, mmoja akatoka na shahada pamoja na watu wanaomjua, mwingine akatoka na shahada tu.

Kwa nini basi asihamie karibu na chuo? Jibu la kwanza ni kodi ya nyumba, ambayo katika Toronto huwatoa jasho hata wenye mishahara. Jibu la pili ni mkopo. Serikali ya jimbo la Ontario ina mpango wa kuwasaidia wanafunzi unaojulikana kama OSAP, unaochanganya ruzuku na mkopo. Mwaka 2017 ruzuku iliongezwa kiasi kwamba watoto wa familia zenye kipato kisichozidi dola 50,000 kwa mwaka waliweza kulipiwa karo ya wastani bila ya deni. Furaha ile haikudumu. Januari 2019 serikali mpya ya jimbo ilitangaza kupunguza karo kwa asilimia 10, lakini ikaondoa mpango ule wa karo ya bure, na sehemu ya mkopo ikarudi kuwa kubwa.

Kwa familia nyingi za Dixon, tatizo la mkopo haliishii katika ukubwa wa deni. Liko katika riba, ambayo Uislamu umeiharamisha. Wapo wanaoona kuwa dharura ya elimu inaruhusu, na wapo wanaokataa kabisa na kulipa karo kwa kazi za zamu. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 serikali kuu ya Kanada iliacha kutoza riba katika sehemu yake ya mkopo. Sehemu ya Ontario haikufuata mkondo huo. Kwa hiyo mwenye kuchunga dini yake hupendelea kukopa kidogo au asikope kabisa, na njia ya hakika ya kupunguza gharama ni kulala kwa mama yake.

Hata hivyo, itakuwa makosa kulihesabu jambo hili kuwa ni hasara tupu. Kijana yule wa Dixon humfasiria bibi yake maneno ya daktari, humsimamia mdogo wake hesabu za shule, na hukaa na baba arudipo kutoka zamu ya usiku. Nyumba inamtegemea, naye anaitegemea. Wenzake wa Kingston hula mikate mikavu mwisho wa mwezi. Yeye hurudi na kukuta wali na maraki juu ya jiko. Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa.

Lakini kuna jambo linalofaa kutafakariwa. Chuo hicho hicho cha York, kikishirikiana na vyuo vya Kenya vikiwemo Kenyatta na Moi, mwaka 2013 kilianzisha mpango wa kufundisha wakimbizi na wenyeji wa Dadaab huko huko waliko. Waalimu walisafiri, masomo mengine yakapitia katika intaneti, na watu ambao hawakuruhusiwa kutoka kambini wakapata vyeti na shahada. Aidha, tangu mwaka 1978 shirika la World University Service of Canada limewaleta vijana wakimbizi, wakiwemo wa Dadaab na Kakuma, kusoma katika vyuo vya Kanada, kwa michango midogo ambayo wanafunzi wenzao hulipa pamoja na karo. Wengi wao huanza maisha yao mapya katika mabweni ya chuo.

Hivyo chuo kikuu kimeonyesha kwamba, kikitaka, chaweza kumfuata mwanafunzi hadi jangwani. Aliye umbali wa kilomita kumi huachiwa ajifikishe mwenyewe, kwa sababu anaonekana kuwa yuko karibu. Ukaribu wa ramani umeficha umbali wa saa.

Dawa zipo, na nyingine hazina gharama kubwa: kuyakusanya masomo katika siku chache, kufanya mikutano ya jumuiya mchana, kuwawekea wasafiri vyumba vya kupumzikia na kupashia chakula. York humwandikisha kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika mojawapo ya nyumba zake, kama Founders, Vanier au Stong, hata asiyelala hapo. Mlango upo, kinachohitajika ni kuubisha. Naye mzazi ana sehemu yake. Siku moja katika wiki binti akichelewa kurudi kwa kuwa alibaki maktaba na wenziwe, asipokelewe kwa maswali. Huenda saa mbili hizo zikawa ndizo alizosomea zaidi.

Ahmed Hussen, aliyewasili Kanada mwaka 1993 akiwa kijana mkimbizi kutoka Somalia, alipata shahada yake ya kwanza York mwaka 2002, na mwaka 2015 akawa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kanada. Jimbo lililomchagua mwaka huo, York South-Weston, lilikuwa ng'ambo ya mto Humber tu kutoka Kingsview Village. Wazee wa Dixon hupenda kumtaja kwa vijana wao.

Vijana husikiliza kwa adabu, kisha huangalia saa. Basi la 45 halimngoji mtu.