Mizani Katika Tiba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba kila kitu kwa kipimo. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria msikitini hapa Tunduma nanyi mtusikilizao majumbani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, kumcha Allah. Katika Sura ya Ar-Rahman Mola wetu anatukumbusha kuwa ameinua mbingu na kuweka mizani, na ametukataza kuivuka. Sisi wakazi wa mpakani mizani twaijua. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupimwa pale Mpemba. Lori lililozidisha uzito huzuiliwa hata kama limebeba chakula, kwani wema wa shehena hauiponyi barabara. Leo tuiangalie mizani hiyo katika mwili wa mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja jirani yetu alirudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Alikuwa na saratani ya titi iliyofika mifupani. Wanawe, kwa mapenzi yao, walimnunulia vidonge vya kalsiamu na vitamini D vya nguvu kubwa, kila mtoto na kopo lake, wala daktari hakuambiwa. Baada ya wiki chache akashikwa na kiu isiyokatika. Akawa anakojoa mara kwa mara, anatapika, chakula hakitaki, choo kimefunga. Kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kusinzia mchana kutwa.

Nikaitwa mimi. Nilidhani amepagawa, nikamsomea siku tatu. Sijutii kisomo, kwani Qur'ani ni shifaa. Najutia zile siku tatu nilizomchelewesha. Alipofikishwa hospitali, damu ilipimwa, ikaonekana kalsiamu imepanda mno. Vidonge vikasimamishwa, akawekewa maji ya dripu na dawa ya kuzuia mifupa isimomonyoke. Siku chache baadaye fahamu zikamrejea, akawaita wanawe kwa majina yao.

Ndugu zangu, sababu yake ni hii. Kalsiamu ni madini yajengayo mifupa, tena huendesha misuli, mishipa ya fahamu na moyo. Vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua, hufungua mlango wa utumbo ili kalsiamu ya chakula iingie katika damu. Zote mbili ni neema. Lakini saratani yenyewe, hasa ya titi, ya mapafu na ya uboho, yaweza kuichota kalsiamu mifupani na kuimwaga katika damu. Mgonjwa wa namna hiyo akiongezewa vidonge bila kipimo, ni kumtwika aliyekwisha kuelemewa. Figo huchoka, mwili hukauka maji, na moyo waweza kupoteza mapigo yake. Nayo vitamini D hujihifadhi katika mafuta ya mwili, hivyo athari zake huendelea kwa wiki nyingi hata vidonge vikiachwa.

Wataalamu wameweka yuniti 600 kwa siku kuwa kiasi cha kumtosha mtu mzima, na 800 apitapo miaka 70, na wakasema asizidishe 4,000 bila usimamizi wa daktari. Na yako makopo ambayo kidonge kimoja kina yuniti 50,000! Basi someni maandishi ya kopo kabla ya kulifungua.

Wala asitoke mtu hapa akasema: Shekhe ameharamisha vitamini. La! Wako wagonjwa wa saratani ambao daktari huwaandikia vidonge hivi hivi, kwa kuwa dawa wanazotumia hudhoofisha mifupa au hushusha kalsiamu. Huyo akiviacha kwa kusikia maneno yangu, naye ameivuka mizani kwa upande wa pili. Aamuaye ni daktari, baada ya kupima damu.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na ametufundisha kuwa atibuye watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Basi sisi wenye kuuguza tuna wajibu. Tuendapo kliniki, tubebe kila kopo alilolitumia mgonjwa, hata dawa ya kiungulia na ya miti shamba, tumwonyeshe daktari bila haya. Tukiona kiu, kutapika, kufunga choo na kuchanganyikiwa, tumwahishe hospitali siku ile ile, na kisomo kiende pamoja naye njiani. Na mgonjwa aliyekatazwa kufunga asijilazimishe Ramadhani, kwani kukosa maji huzidisha hatari hii, na Mola wetu amekwisha kumpa ruhusa.

Mapenzi ya mwana kwa mamaye ni ibada, na ibada ina masharti. Sharti la kumtibu mgonjwa ni elimu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua. Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.