Hotuba ya Katibu: Palizi ya Soya na Daftari la Chama



Katika kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, tumeombwa kusema machache juu ya shamba dogo la jamaa linalolimwa bila mbolea ya chumvichumvi, mwaka huu mahindi, mwaka ujao soya.

Soya ililetwa Amani mwaka 1907, lakini wengi wetu bado twaiona ngeni. Ng'oeni mche mmoja ulio katika maua: mizizini mna vinundu, na mkipasua kimoja mkakuta wekundu ndani, jueni kinafanya kazi ya kunasa naitrojeni iliyo hewani. Wakati wa mavuno msiing'oe. Kateni shina, mizizi ibaki udongoni, ioze na kuyafaa mahindi yajayo.

Hayo kila bwana shamba huyasema. Asilolisema ni palizi. Asiyetumia dawa ya magugu hana budi kupalilia kwa jembe, mara mbili kwa uchache, kabla soya haijafunika ardhi. Na mgongo unaoinama huko, mara nyingi, ni wa mama wa nyumba. Ndiye pia apepetaye na kuchagua mbegu. Siku ya malipo husimama nje, kwa kuwa daftari lina jina la mume peke yake. (Mabwana msinune, nasi tu waume wa watu.)

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya Mkutano huu: kila shamba la jamaa liandikwe kwa majina mawili, na fedha zitolewe kwa sahihi mbili. Madaftari mapya yapo mezani, na kalamu zipo.