TUSIWE WAGENI NYUMBANI MWETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa kata moja ya Mkoa wa Singida)



Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo lisilo na ngoma wala bendera. Tunataka kusema juu ya nyumba za umma zilizo kati yetu: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata, zahanati, na chuo cha wananchi. Nyumba hizi twazipita kila siku tukienda sokoni, kisimani na shambani. Swali letu ni moja tu: ni nani kati yetu anayejua yote yaliyomo ndani yake?

Mgeni hupiga hodi, akangoja mlangoni mpaka aambiwe keti. Mwenye nyumba haombi ruhusa ya kufunua chungu. Sasa sisi wenye nyumba hizi twaziendea kama wageni. Twakwenda tukiitwa, au tukishitakiwa, au tukitaka barua yenye muhuri. Tukiisha kuipata, twageuka na kwenda zetu.

Ugeni huu una mizizi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, Serikali ya Waingereza ilijenga nyumba za ustawi katika miji ya Tanganyika, kwanza kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Mwafrika alikaribishwa humo, lakini aliyeweka taratibu za nyumba hakuwa yeye. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, uliojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mgiriki, George Arnautoglu, ulikuwa wa namna hiyo hiyo.

Lakini tazameni yaliyotokea. Mwaka 1953 wanachama wa T.A.A. walikutana katika ukumbi huo wakamchagua Mwalimu Julius Nyerere kuwa rais wao. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, chama hicho kilizaa T.A.N.U. Nyumba iliyotolewa ili watu wapate mahali pa burudani ikawa mahali pa watu kuulizana habari ya nchi yao. Waliokuwa wageni waligeuka wenyeji, wala hapakubomolewa ukuta hata mmoja.

Uhuru ulipokwisha kupatikana mwaka 1961, kazi ikawa kubwa zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Je, tulingoja majumba? Hatukungoja. Watu walisoma jioni katika madarasa ya watoto wao, na penye upungufu walisoma chini ya mti. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kwa hesabu za Serikali, ilipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walibaki pungufu ya 10 katika kila 100. Maana yake, ndugu zangu, kituo cha wananchi kwanza ni wananchi wenyewe. Matofali na bati huja nyuma yao.

Basi turudi hapa kwetu Singida. Tunacho nini?

Kwanza, tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa nchi ya Uswidi, na nchi nzima vilifika 54. Mkoa wetu una Chuo cha Singida, na kingine cha Msingi, wilayani Mkalama. Ule Ukumbi wa Arnautoglu tuliousema nao uligeuka kuwa chuo cha namna hii. Kwa hiyo vyuo vyetu ni ndugu zake. Vyuo hivi viliwekwa kwa ajili ya yule ambaye shule ya kawaida imemwacha njiani: mkulima anayetaka kufuga kwa maarifa, kijana anayetaka useremala, uashi, ushonaji au ufundi wa umeme. Hata msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito hakusahauliwa. Katika mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, wasichana wa namna hiyo wamepokewa katika vyuo vya wananchi, na watoto wao wakaangaliwa hapo hapo chuoni mama akiwa darasani. Tena mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule.

Ni wasichana wangapi katika vijiji vyetu wanaokaa jikoni leo wakiamini kwamba mambo yao yamekwisha, kwa sababu tu hapana mtu aliyewaambia habari hii? Hasara hiyo si ya msichana peke yake. Ni ya mtoto wake, na ni ya mkoa mzima.

Pili, tunaye Afisa Maendeleo ya Jamii. Kwake ndiko inakoanzia habari ya mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria imeagiza kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu utengenezwe, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Akina mama wanaokamua alizeti, vijana wanaolima vitunguu, fedha hizi zimetengwa kwa ajili yenu. Lakini fedha hazitembei kwa miguu kuja kumtafuta mtu shambani. Undeni kikundi, andikeni katiba yake, mwende mkaulize.

Tatu, zahanati. Wengi twaikumbuka homa ikiisha kupanda. Lakini kliniki ya mama mjamzito, chanjo ya mtoto, na shauri la uzazi wa mpango ni huduma za mtu mzima wa afya, asiyeumwa bado.

Nne, ofisi ya kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao hukutana kila miezi mitatu. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi. Wananchi wasipokwenda, fedha zao husomewa viti vitupu. Kisha tukikutana kwenye kahawa twanung'unika kwamba tumeibiwa! Manung'uniko ya kwenye kahawa hayaandikwi katika daftari la mkutano.

Tunajua kuna wazee watakaosema, "Wanangu, tulikwenda tukakuta mlango umefungwa." Ni kweli, wazee wetu. Ziko ofisi zisizofunguliwa kwa saa zake, na wako watumishi wanaomjibu mwananchi kama ombaomba. Hatuwezi kuficha hayo. Lakini mlango usiobishwa hodi haumsumbui aliyeufunga. Akija mtu mmoja ataambiwa rudi kesho. Wakija watu 20, wakauliza kwa adabu, na jibu likaandikwa, mlango huo utafunguliwa. Tena likikataliwa jambo la haki, mkutano mkuu upo, na diwani yupo.

Kwa hiyo twaomba kazi tatu zifanyike kabla mvua hazijaanza. Kila kitongoji kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wazizungukie nyumba hizi zote. Waulize kila mahali: huduma gani zipo, ni kwa siku gani, gharama yake ni kiasi gani, na ni nani anayehusika. Majibu yaandikwe kwa herufi kubwa yabandikwe penye mti wa mkutano, na yasomwe kwa sauti kwa ajili ya wasioweza kusoma. Mwisho, kila jirani amtafute jirani mmoja aliyekata tamaa, amchukue kwa mkono mpaka mlangoni.

Wazee wetu waliondoa utawala wa wageni katika nchi hii. Itakuwa aibu sisi watoto wao tukiendelea kukaa barazani pa nyumba waliyotuachia. Tuingie ndani, tuulize, tutumie, na penye ufa tuzibe.

Uhuru na Kazi!