Mtu Akisikia Sauti, Tuzungumze Naye Vipi?

(Muziki unashuka.)

Ndugu msikilizaji, popote ulipo, Gorom, Makpandu au kambi nyingine yoyote, mazungumzo haya ya afya yanatoka hapa Juba.  Leo tunaongea juu ya ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia, na juu ya tiba ya mazungumzo inayokwenda pamoja na dawa.

Tuseme una kijana nyumbani. Miezi kadhaa sasa anasikia sauti za watu asiowaona. Anasema jirani ametia sumu kwenye maji. Hali, halali, amejitenga. Unamwambia, "Acha upuuzi, hakuna sumu!" Anapandwa na hasira, kwani sasa anaona hata wewe uko upande wa jirani. Ndugu wengine wanashauri afungwe kamba.

Ngoja kwanza. Kijana huyo hajifanyi. Sauti anazisikia kama wewe unavyonisikia mimi. Tena, watu waliokimbia vita wameona mengi. Anayesema "wanakuja kuniua", huenda siku moja walikuja kweli. Hofu yake ina mzizi. Kumwita mwongo hakumponyi.

Mwaka 1952 daktari mmoja Mmarekani, Aaron Beck, aliandika habari za mgonjwa wa skizofrenia aliyemtibu kwa mazungumzo. Miaka ilivyopita, njia hiyo iliendelezwa. Leo nchini Uingereza, mwongozo wa matibabu unashauri mgonjwa apewe dawa, na pia vikao vya mazungumzo visivyopungua 16.

Katika vikao hivyo mhudumu habishani na mgonjwa, wala hakubali kila analosema. Anauliza: "Sauti zilianza lini? Huja saa ngapi? Ukifanya nini hupungua? Nani mwingine alikunywa maji yale, naye yukoje leo?" Kidogo kidogo mgonjwa anapima mwenyewe mawazo yake. Huenda akagundua kwamba sauti huzidi akikosa usingizi, akinywa pombe au akivuta bangi. Huenda akaona zinapungua akiimba, akifanya kazi ya mikono, au akikaa na mtu anayemwamini. Pengine sauti hazitaisha zote, lakini hazitamtawala kama zamani.

Utauliza, wahudumu hao tutawapata wapi? Ni swali la haki. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza kwamba nchi nzima ya Sudan Kusini ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na hospitali kuu ya Juba vitanda 12 tu vya wagonjwa hao. Wagonjwa wengine waliwekwa gerezani bila kosa lolote, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Kwa hiyo anza na zahanati ya kambi. Ikiwa mtu amechanganyikiwa ghafla na ana homa, mpeleke mara moja, maana malaria kali nayo huvuruga akili. Akipewa dawa, kwa mfano haloperidol, asiiache kwa kuwa amepata nafuu. Mwili ukikakamaa au mikono ikitetemeka, rudini zahanati ili mhudumu aangalie dawa hiyo.

Nyumbani, sema naye polepole: "Mimi sauti hiyo siisikii, lakini najua wewe unaisikia, na naona unaogopa. Tukae pamoja." Mwache achote maji mwenyewe, nawe unywe mbele yake. Mpe kazi ndogo, mpe chakula, na alale mapema. Kama mnaomba, ombeni naye, lakini msimfungishe kula wala msimnyang'anye dawa. Msimfunge kamba wala mnyororo, na msimpige.

Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, usimwache peke yake. Ondoa visu, panga na dawa karibu naye, kisha uite mhudumu wa afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ndugu msikilizaji, maneno yako nyumbani hayawezi kushika nafasi ya tiba. Lakini kijana anayeona bado ana mtu wa kumsikiliza, huyo ndiye atakayekubali kuongozana nawe hadi zahanati. Jioni ya leo, kaa karibu naye, umuulize anasikia nini. Kisha nyamaza, umsikilize.

Kwaheri, mpaka kipindi kijacho.

(Muziki unapanda.)